Nafasi Mbele ya Sehemu ya Kwanza

Ijumaa, 8 Machi

Nimebadilisha kazi ya Kaka Bahati bila kumwuliza. Sijamwambia mtu, hata Mama.

Kazi yenyewe: chomeka kadi ya kumbukumbu, nakili mfumo wa Linux, chomoa. Ni kadi za visanduku vya kompyuta vinavyoendesha majokofu ya samaki huko Ggaba, ufukweni Kampala. Bahati, aliyetoka Kongo na kunifundisha kazi hii, huacha nafasi tupu mbele ya sehemu ya kwanza ya kadi. Niliona inapotea bure. Nikaisogeza sehemu ya kwanza hadi mwanzoni kabisa. Nilijaribu kadi kwenye bodi ya majaribio ya mezani, ikawaka. Nataka anisifu.

Jumapili, 10 Machi

Tumeitwa karakana. Ggaba hakuna kilichowaka. Mafundi waliotumwa huko jana jioni walichomeka kadi, wakafunga visanduku, wakawahi futari mtaani Kisenyi bila kungoja taa ya kijani inayoonyesha kisanduku kimewaka. Samaki wa chumba kizima wameoza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeelewa. Nafasi ile haikuwa tupu. Programu ya kuwashia hukaa humo, nje ya sehemu zote, haionekani kwenye orodha. Niliifuta. Bodi ya mezani ina nakala yake ndani, ndiyo maana iliwaka. Visanduku vya Ggaba havina. Vinategemea kadi tu.

Hajati, mwenye karakana, alimsimamisha Bahati mbele ya wote. Fundi mmoja akasema, "Mkongo amepika kadi kama sombe, kisamvu cha kwao!"

Bahati alisema, "Hajati, mi niliacha nafasi pale mbele. Niliiacha."

"Basi iko wapi? Imerudi kwenu Bukavu?"

Aliomba kadi moja aisome. Hajati alikataa. Mafundi wakacheka.

Nami nilicheka.

Jumanne, 12 Machi

Amefukuzwa. Mimba ya mkewe ina miezi minane. Akiondoka aliniambia, "Mdogo wangu, usiwaogope hawa. Kitu hujui, uliza."

Hajui kuwa ni mimi. Au anajua. Sikuthubutu kumtazama.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudisha nafasi, nikaandika programu ya kuwashia upya. Visanduku vyote vimewaka. Hajati alinishika bega. "Mnaona? Mtoto aliyetoka shule juzi ameweza kilichomshinda Mkongo."

Nilidhani nikitengeneza nitapunguza dhambi. Nimempa Hajati ushahidi dhidi ya Bahati.

Mimi ni mwoga. Basi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepewa kiti cha Bahati. Kikombe chake kilibaki mezani. Nimekiosha, nimekirudisha palepale.

Chomeka, nakili, chomoa. Kila kadi naacha nafasi mbele.

Daftari, wewe ndiwe pekee unayejua. Nakuomba, usimwambie mtu.