Benchi Nane Zisizotaka Kutulia

Mama Nekesa,

Natumai mmeamka salama wewe na watoto, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mwili uko sawa. Yaliyobaki yasome ukiwa umekaa, maana yanahusu Jumamosi.

Lile paa la kivuli tulilokuwa tunajenga karibu na soko hapa Eldoret limeisha. Shida ni benchi. Injinia alichora benchi nane katikati ya paa, kwa sababu kwenye karatasi yake jua limesimama saa sita siku nzima. Jua la huku halijaiona hiyo karatasi. Ikifika saa tisa kivuli kimetoka chini ya paa kimeenda kulala pembeni, benchi zinabaki zikiungua. Kina mama wa soko wanazivuta kukifuata. Asubuhi wanazivuta tena juani, maana baridi ya hapa haina adabu.

Injinia akaniita. "Fundi, zichomelee kwenye vyuma vya sakafu. Mahali pa umma panataka mpangilio."

Mama Chebet, anayeuza mboga za managu, alikuwa amesikia. "Wewe mtu wa Busia, ukizifunga hizo benchi, utakuja kutushikia mwavuli?"

Nikajiona mjanja. Badala ya kuchomelea mshono mzima nikaweka tone moja la chuma, nikalipaka rangi vizuri. Injinia akazitikisa kwa kidole, akafurahi. Saa tisa Mama Chebet akapiga teke moja. Benchi ikatembea.

Sasa nimenaswa na ujanja wangu. Injinia anaamini wanaozing'oa ni wezi wa chuma. Kila asubuhi nachomelea, kila alasiri zinang'oka, na amesema, "Huendi nyumbani mpaka zitulie siku tatu." Nikitoroka, getini kuna mafundi kumi wanaotamani kazi yangu. Nikizichomelea sawasawa leo Jumanne, Ijumaa niko njiani, na Jumamosi nawapokea wageni wa posa ya Nekesa kama baba mtu.

Jana niliwasha mashine kwa nia hiyo hiyo. Kwenye benchi ya tatu alikuwa amekaa muuza mboga mmoja ambaye mwezi wa pili, kabla ya paa, alianguka kwa jua akabebwa kwa mkokoteni. Alikuwa amenyoosha miguu kivulini.

"Nihame, fundi?"

Nikamwambia akae. Nikazima mashine.

Kwa hivyo sitakuja. Kaka yangu Wafula akae kwenye kiti changu, na asikubali lolote kabla Nekesa mwenyewe hajasema. Usimwambie mtoto nina malaria. Mwambie ukweli, na akikasirika, mwache akasirike. Mimi pia nimejikasirikia.

Nisalimie mama, shemeji anayetulimia shamba la bondeni, na yule jirani mwalimu anayekuandikia majibu. Mwambie safari hii asipunguze ukali wa maneno yako.

Ni mumeo, ambaye hakuna aliyemfunga na bado hawezi kutoka,

Baba Nekesa