Watani Walionyamaza kwa Rajabu

Handeni, Jumamosi

Eti "kifo kile hakikuwa cha mzaha, mwanangu." Bado nina hasira.

Leo sokoni nimekutana na Mama Shija, mtani wetu Mnyamwezi anayekaa Ngombezi. Babu alipofariki, Mama Shija ndiye aliyevaa kanzu ya marehemu kama watani wafanyavyo msibani, akatembea kama yeye akidai chai, msiba mzima ukacheka. Kwenye msiba wa kaka yangu Rajabu watani wote walikaa kimya kama wageni, kwa sababu alijiua. Hata shikamoo sikumpa. Nilimuuliza kwa nini walinyamaza, ndipo akanipa jibu hilo.

"Kwani kujiua kumemfanya asiwe mtu wenu?" Watu wakageuka. Sikujali. Kijijini kwetu Kwedizinga hawataji hata jina lake. Na yeye Rajabu, si angenipigia tu simu, angesema hata...

Mama Shija akaweka kikapu chini. Akalegeza bega, akaburuta ndala ya mguu wa kulia, akasema kwa sauti ya Rajabu kabisa, "Dada, kuna ugali au nirudi baadaye?"

Nilitaka kumpiga, si Mama Shija, Rajabu. Nikalia.

"Umekosea," nikamwambia. "Alikuwa anaburuta mguu wa kushoto."

Akarudia toka mwanzo.