Dakika arobaini za Nyangeta

Musoma, Jumatano

Dakika arobaini. Nilijua kabisa nimemkamata.

Kompyuta inaonyesha faili limeandikwa na nani na kwa muda gani, na siku hizi naangaliaga hapo kwanza kabla ya kusahihisha. Ripoti ya Nyangeta, mwanafunzi wangu wa uvuvi, kurasa saba kuhusu kuanika dagaa kwao kisiwani Rukuba, ilikuwa na jina la mtu mwingine na hizo dakika arobaini. Nikamwita ofisini, nikamsomea jina hilo na dakika hizo, ushahidi kwamba kazi si yake.

"Hilo jina ni la dada wa steshenari, mwalimu," akasema. "Mimi sina kompyuta. Niliandika kwenye daftari, yeye akachapa."

Akalitoa kwenye mkoba. Linanuka dagaa. Kila ukurasa amekata, ameandika upya, amekata tena. Aibu niliipata, lakini hamu ya kusoma ilizidi, nikaanza kulifunua palepale.

Kuna ukurasa mmoja ameupiga mstari kona hadi kona. Unaeleza kwa nini shangazi zake wanaanikaga juu ya mawe: mawe yanashika joto hata jua likijificha, kwa hiyo msimu wa mvua dagaa hawaozi haraka. Nikamuuliza mbona huu haumo kwenye ripoti.

"Ulitufundisha kwamba kuanika kwenye mawe ni uchafu."

Nilisema hivyo, ndiyo.

Ameniachia daftari mpaka kesho. Ukurasa ule nimeusoma mara tatu. Katika kazi yake nzima ndio pekee ulionifundisha kitu, na aliukata kwa sababu yangu.