Kaki kwa Watoto wa Pasifiki

Kaka Haji,

Kadi hii ikukute wewe na mama mkiwa wazima. Hapa Doha joto linachoma mpaka kivulini, lakini leo Ijumaa, siku yangu ya mapumziko ya kazi ya hoteli, nimekwenda tena Al Thumama kujitolea, kupanga kwenye maboksi vitabu vya watoto wa visiwa vya mbali vya Pasifiki. Ndiyo, tena! Najua ulivyonigombeza kwenye simu: "Mcheza kwao hutuzwa, Zuhura. Saidia kwetu kwanza."

Sikia basi. Leo vitabu vyote vya boksi langu nimevivalisha karatasi ya kaki, kama mama alivyotufanyia vya skuli. Msimamizi wetu, mwalimu mmoja kutoka Fiji, akashika kichwa: "Umeficha picha zote! Watoto watajuaje kipi ni kipi?"

Nikamjibu, "Watafungua."

Wenzangu wakacheka mpaka chai ya karak ikamwagika. Sikukivua hata kimoja. Mtoto wa kisiwani mie namjua: kitabu atakishika kwa mikono yenye chumvi, na wadogo zake wanakingoja.

Na wewe, kaka, kumbuka kitabu chetu cha kwanza cha hadithi pale kisiwani kwetu Kojani. Alikileta bibi mmoja mgeni, hata kwao hatukujui, nawe ulikuwa hulali mpaka usomewe. Mbona hukumwambia arudi akasaidie kwao?

Nibusie mkono wa mama. Mwambie kaki yake inavuka bahari.

Nduguyo mkaidi,
Zuhura