Salamu za Koti la Kijivu

Makole, Dodoma
3 Juni 2025

Kwa mke mwenzangu, Bibi Kuluthumu,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Kolo haijakuzidi na goti limetulia. Mimi mzima, kazi za ofisini zinaenda.

Mama ananiambia eda ilikwisha tangu mwezi wa nne, lakini televisheni ya marehemu mume wetu bado umeifunika kanga, na sebuleni hukai. Anasema hata kucheka umeacha. Nikipiga simu unasema "nipo, nipo," kisha unakata. Ndiyo maana naandika.

Nimempa Khamisi wa basi kifurushi. Mna majani ya chai, dawa ya goti, na flashi. Kwenye flashi kuna "Koti la Kijivu", ile tamthilia ya jasusi aliyokuwa akituwekea Babu. Wameitengeneza upya, na safari hii wamewatia wahusika sauti za Kiswahili. Jasusi sasa ni mwanamke. Usinifukuze kwenye ukoo. Tazama sehemu moja tu.

Mke mwenzako mdogo,
Sabrina

Kolo
10 Juni 2025

Mke mwenza Sabrina,

Marahaba. Goti linanipeleka polepole. Alizeti tumeshapiga, magunia yako ndani. Chai nimeinywa, dawa nimepaka, flashi nimeiweka kabatini. Sitaitazama.

Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukilala mapajani mwangu kabla jasusi hajapanda paa. Mume wetu anawasha jenereta, majirani wanajaa mpaka mlangoni, naye anasimama kando ya televisheni kututafsiria kile Kizungu, maana aliwahi kufanya kazi na wazungu wa barabara. Kila sehemu, kabla ya hatari, yule bwana alikuwa anasema kwenye saa yake ya mkononi: "Mwambieni mke wangu anifunikie chakula, narudi." Nilimpenda kwa hilo. Jasusi mzima, risasi zinamtafuta, na anakumbuka nyumbani.

Sasa huyo dada akija na Kiswahili chake, sauti ya mume wetu Athuman nitaisikia wapi tena? Niachie hii niliyobaki nayo.

Mke mkubwa

Makole
17 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Huku salama, upepo tu na vumbi.

Nimekuelewa, sikulazimishi. Nakukumbusha tu maneno ya Babu, kwamba televisheni isiyowashwa huingia mende.

Mjukuu wako,
Sabrina

Kolo
20 Julai 2025

Mke mwenza,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Niliiwasha ili kufukuza mende. Mende hawakuwamo, na flashi ilikuwa karibu.

Mwanangu, yule dada anajua kuvaa. Koti limebaki la kijivu, lakini limeshonwa likamkaa kama ngozi, na bitana yake ni ya kijani, unaiona anaporuka tu. Hata anapofungua kufuli anafungua kwa madaha. Nilikaa nimenuna, nimefunga mikono, nikitafuta kosa. Sehemu ya pili nilikuwa nimesogeza kiti. Ya tatu nikamwita jirani Joha. Sikutegemea kabisa.

Kosa nimeona moja, nalo kubwa. Nimemaliza sehemu zote sita nikingoja ile salamu, haikuja. Akifika ukingoni mwa paa anainua pete mdomoni na kusema, "Nimeingia, zimeni taa." Basi. Wamekata neno zuri kuliko yote. Wewe uliyesoma, ulizia kwa nini.

Mke mkubwa

Makole
28 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo, na pole na goti.

Nimeitafuta ile ya zamani, nimeitazama mwanzo hadi mwisho. Salamu haimo, Bibi. Yule bwana naye alikuwa anasema, "Nimeingia, zimeni taa." Hakuwa na mke hata mmoja.

Nilimuuliza Mama, maana wakati ule alikwishamaliza sekondari. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Anasema alijua siku zote. Babu alikuwa akimkonyeza ili anyamaze, halafu anakutazama wewe.

Sabrina wako

Kolo
9 Agosti 2025

Mke mwenza mdogo,

Marahaba. Mimi mzima kweli, siyo "nipo, nipo".

Barua yako niliisomea jikoni. Nilicheka mpaka Joha akaja kuuliza kulikoni. Sasa nakumbuka: kila aliposema vile, mimi nilikuwa nainuka kwenda kufunika sahani yake, na sikujua kuwa ni mimi niliyeagizwa. Kumbe jasusi nililala naye nyumba moja.

Kanga nimeifua, naivaa. Zikitoka sehemu nyingine, mpe Khamisi haraka.

Jana jioni majirani walijaa tena mpaka mlangoni. Nikazima sauti, nikasimama kando ya televisheni, palepale pake, nimeshika ukuta kwa ajili ya goti. Yule dada alipofika ukingoni na kuinua pete, nikawatafsiria: "Mwambieni mume wangu chakula nimemfunikia. Mimi nitachelewa kidogo, bado nina shughuli huku."

Joha akasema, "Bibi Kuluthumu, mdomo wake mbona umeshafunga, na maneno bado yanatoka?"

Nikamwambia anyamaze, nyumba hii ndivyo tunavyotafsiri.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi