Ukuta wa Rangi Mbichi

Likasi, mwezi wa tano 1970

Mama Hilaire,

Nakusalimu sana, weye na mutoto uliyejifungua kule Kapolowe. Huku tuko wazima, unga uko wa kutosha.

Apartema mupya ya kaka yako Damas ilikuwa na nyufa, na mulango wa chumba cha kuoga unakwama. Jana nilikuwa nimemaliza kupaka koridoo rangi ya majani, mara nikasikia mwanamuke analia mule ndani: "Nifungulieni, nakufa!" Damas aliniambia nyumba haina muntu. Nikavuta mulango kwa nguvu zote, mwanamuke akaniangukia kifuani.

Yesu wangu, alikuwa mama yako! Alikuja kuona nyumba ya mutoto wake. Aliposikia minye naingia, alijificha mule angoje nitoke, mulango ukakwama, joto likamushinda. Desturi inakataza mukwe na mama mukwe kuonana uso ao kusemeshana; tangu nikuoe, nikimuona kwa mbali naacha njia. Sauti yake ningeijulia wapi? Kijijini kuna pori la kukimbilia. Apartema iko na koridoo moja tu. Alijifunika kitenge kichwani, akageuka, akagandamiza uso na mikono ukutani. Rangi ilikuwa mbichi, na minye sikuwa na ruhusa ya kumuambia. Nilitoka kinyumanyuma, nimefumba macho.

Kesho anarudi kwenu. Usimuulize kitu juu ya uso wake. Mbuzi wa kuomba radhi nitaleta.

Damas anasema nimalize kazi. Lakini pua na viganja vya mama yako viko pale ukutani, na mukono wangu unakataa. Kuja weye mutoto wake, umupake rangi.

Bwana yako anayetetemeka,
Philippe