Mnazi wa Agatha

Baba Agatha,

Nimewahi basi la Haydom. Uji wa bibi uko kwenye chupa, makande yako jikoni. Ndama usimpe tena yale majani.

Asubuhi nimemkuta mama yako ameukata mnazi wa Agatha kileleni, anamlisha ndama. Shikamoo nilimpa huku naukimbilia mnazi. Akaniambia, “Tulia mwanangu, utachipua kama mgomba.” Hajui. Mgomba ukiukata unatoa machipukizi pembeni. Mnazi una moyo mmoja tu, uko juu katikati ya makuti. Ukikatwa huo, basi.

~~Mwambie asinisemeshe nikirudi.~~ Usimwambie kitu. Ni mzee, aliona ndama ana njaa.

Nazi ile niliibeba kutoka kwetu Pangani, nikailaza ubavu kwenye shimo tulipozika kitovu cha Agatha. Mlinicheka, mkasema kwa baridi ya hapa Dongobesh hautazaa. Mimi sikutaka nazi. Nilitaka usimame tu. Kila Julai nimeufunika gunia kama mtoto wa pili.

Sasa mwenye mti yuko wodini Haydom, homa haishuki, na kila nikiingia swali ni lile lile: “Mama, umetoa jani jipya?”

Usiung'oe. Gunia liko nyuma ya mlango, ufunike sasa hivi, hata kama ni kazi bure. Akiniuliza leo nitamjibu kwamba baba ameufunika, na angalau hilo liwe kweli.

Mama Agatha